Wimbo Kabla ya Wimbo wa Kwanza

Zutphen, 4 Aprili 2018

Bwana Douwe Bouma, salamu.

Sijui kama jina langu bado linakukumbusha kitu. Mwaka 1996 nilikuja dukani kwako Bolsward kwa baiskeli, mvua imeninyeshea, na nyuma nimefunga katoni ya sidii thelathini nilizozifunika kwa koti langu. Ulizitoa moja moja ukazifuta kwa taulo la jikoni kabla hujanipa mimi kitu cha kujifutia. "Wewe utakauka mwenyewe," ulisema. Ulizichukua zote thelathini, na baada ya wiki mbili ukanipigia simu unataka nyingine. Hakuna duka jingine nchini lililonipigia simu.

Sidii yenyewe iliitwa Maji ya Nyumbani. Tulitengeneza mia tano tu. Leo mimi mwenyewe sina hata moja. Yangu ya mwisho nilimwazima mtu, naye akahamia Ureno. Mwezi uliopita nilinunua nyingine kwa bwana mmoja wa Ujerumani, ikaja imenakiliwa nyumbani kwa kompyuta, na nakala ya namna hiyo hainifai. Nahitaji ile iliyotoka kiwandani.

Nimesikia duka lilifungwa miaka sita iliyopita. Lakini kwa jinsi ninavyokukumbuka, sidhani kama ulitupa kitu. Ukiwa nayo hata moja, iliyokwaruzika, isiyo na kava, niandikie. Nitakuja kuichukua mwenyewe, safari hii kwa treni.

Wako kwa heshima,
Renske Tamminga


Bolsward, 14 Aprili 2018

Bi Renske,

Mimi ni Hiske, mke wa Douwe. Douwe alifariki tarehe 11 Novemba iliyopita. Ilikuwa jioni ile ambayo watoto wanapita na taa zao za karatasi wakiimba milangoni. Asubuhi aliniambia, "Usisahau pipi." Walipobisha nilifungua nikawapa bakuli zima, maana sikujua mikono yangu niifanyie nini. Nimekuandikia jambo hili mwanzoni ili tusirudi tena huko.

Barua yako ilinifurahisha, hasa habari ya taulo la jikoni. Kumbe ndiyo maana mataulo yangu yalikuwa yanapungua.

Mimi sikufanya kazi dukani. Miaka thelathini nilikuwa chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka. Lakini tuliishi juu ya duka, na kila siku ya kazi nilirudi nikamkuta chini amevaa hedifoni, amefumba macho, na mteja amesimama mbele yake anasubiri kwa adabu. Aliwahi kuja mkulima mmoja wa Witmarsum anatafuta muziki alioupenda marehemu dada yake. Hakujua jina la wimbo wala la mwimbaji. Alijua tu kwamba unaanza kama mtu anapanda ngazi. Douwe alimwambia akae. Alimwekea mmoja, akamwekea wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na nne, na mkulima akaanza kulia. Douwe akazima mashine akasema, "Basi ndio huo," akamfungia sidii hiyo kwenye karatasi ya zawadi.

Sidii ziko vilevile chini, kwenye rafu zake, kwa herufi. Nimeipata yako kwenye T, ina kibandiko chake, nambari 1187. Imo humu kwenye kifurushi. Huna haja ya kuja. Chukua, ni yako.

Hiske Bouma


Zutphen, 20 Aprili 2018

Mama Hiske,

Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, na koti sijavua. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu ya kila namna isipokuwa hilo. Alikuwa mtu wa kipekee. Sisi waimbaji wadogo tulikuwa tukimwita "sikio la Friesland", na yeye hakujua.

Sasa nikuambie jambo, na usione aibu hata kidogo, maana mimi nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kasha ni tupu. Kava ipo, maneno ya nyimbo yapo, picha yangu na nywele zile za kutisha ipo, sidii hakuna. Nilikaa nalitazama, kisha nikakumbuka. Madukani makasha yote yalikuwa matupu! Sidii zenyewe alikuwa nazo yeye, nyuma ya kaunta, kwenye droo, ili zisiibiwe. Mteja alileta kasha, Douwe akasoma nambari, akageuka, akavuta droo bila kutazama. Kwa hiyo nakuomba tena, na sasa naomba kitu kizito zaidi: ungeweza kutazama kwenye droo?

Unanidai ukweli wa kwa nini nasumbua hivi. Nyimbo zangu zipo mtandaoni, zote kumi. Rafiki yangu aliziweka miaka mitatu iliyopita, na sitasema vibaya juu ya mtandao. Kuna mtu Brazili anayesikiliza wimbo wangu wa nne kila Jumapili. Mimi na baiskeli yangu tusingefika Brazili kamwe. Lakini kwenye sidii nyimbo hazikuwa kumi. Kuna mmoja umefichwa kabla ya wa kwanza. Ukiicheza kawaida, huusikii. Inabidi uanze wimbo wa kwanza, kisha ushikilie kitufe cha kurudi nyuma, urudi mpaka uvuke mwanzo. Kompyuta inaponakili inauruka, haijui kama upo. Kwa hiyo haukupanda mtandaoni, na kanda ya studio ilikwisha kupotea.

Ni sauti ya mama yangu. Sina nyingine. Na anayeitaka si mimi, ni baba yangu. Ana miaka themanini na tisa, yuko nyumba ya wazee Franeker, na anatusahau mmoja baada ya mwingine.

Wako,
Renske


Bolsward, 2 Mei 2018

Bi Renske,

Nimeona aibu hata kama umenikataza. Miaka arobaini na tatu nimekula meza moja na mwanamume yule, na nimekutumia plastiki tupu kwa posta.

Nimeshuka kwenye droo. Ni kabati lile lililotoka duka la dawa la zamani, labda unalikumbuka, lina droo ndogo ndogo za mbao. Kila sidii imo kwenye bahasha yake na nambari ameandika kwa penseli. Zote zinatazama upande mmoja. Nimezifungua nyingi kuliko nilivyohitaji. Mtu wa chumba cha kufulia anajua kazi iliyokunjwa vizuri akiiona.

Bahasha 1186 ina sidii. Bahasha 1188 ina sidii. Bahasha 1187 haina, ila ndani kuna kikaratasi, kwa mwandiko wake: "Iko kwangu. D."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuchukua kitu dukani mwake mwenyewe bila kuacha kikaratasi. Hata jokofuni mwetu, akila kipande cha mwisho cha mkate wa sukari, nilikuta kikaratasi kwenye sahani.

Kwa hiyo ipo mahali fulani. Alipougua hakuweza kupanda ngazi, akawa analala chumba cha nyuma, hapo hapo chini. Nitatafuta huko. Nipe muda kidogo. Siku hizi nina kazi za bustani pia. Mti wa cheri umechanua, na nimetundika sidii kadhaa matawini kuwatisha kwezi, kama wanavyofanya watu wote wa huku.

Niambie, mama yako anaimba tu, au kuna mahali anaongea?

Hiske Bouma


Zutphen, 9 Mei 2018

Mama Hiske,

Asante, asante. "Iko kwangu. D." Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti.

Umeuliza, nakueleza yote. Mama yangu aliitwa Aukje. Tulikuwa tunakaa Harlingen, na maisha yake yote alimenya uduvi nyumbani akilipwa kwa kipimo, ndoo baada ya ndoo, mikono haisimami, na akimenya aliimba. Alikuwa na wimbo mmoja wa Kifrisia ambao sijausikia kwa mtu mwingine, beti nne, kila mara akiruka wa tatu. Mimi nilisomea muziki miaka sita, na nakuambia bila kuficha kwamba sijawahi kuimba kama yeye alivyoimba mbele ya beseni.

Nilipotengeneza sidii nilimwomba aimbe. Akasema, "Mimi? Nichekwe na mji mzima? Nikienda kununua mkate waseme yule pale, mwimbaji!" Fundi wetu wa sauti akaja nyumbani na kinasa sauti, akakiweka kwenye rafu ya vikombe, akamwambia, "Aukje, tutakuweka mahali pasipo na mtu." Akamweleza habari ya nafasi iliyo kabla ya wimbo wa kwanza. Mama akafikiri. "Hata baraza la kanisa halitanikuta?" "Halitakukuta." Basi akaimba. Unasikia maji, unasikia maganda yanaanguka, na mwishoni anamwita baba aliyekuwa nje anatengeneza baiskeli: "Wybren, njoo ukae na mimi, kahawa inapoa." Kisha wimbo wangu wa kwanza unaanza. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili kwa jumla. Baba wala hakuja. Alikuwa na mnyororo mkononi. Mama alifariki Machi iliyofuata.

Tuliapa kutomwambia mtu. Lakini Douwe aliugundua mwenyewe. Alikuwa akisikiliza kila sidii kabla haijaingia droo, nadhani kidole chake kilikaa kwenye kitufe muda mrefu mno. Alinipigia simu kesho yake. Hakusalimu. Alisema, "Huyu mama ni nani?" Nikamweleza, nikamsihi asiseme kwa yeyote, maana mama alikuwa hai na alikuwa mkali. Akasema, "Sitasema hata kwa Hiske. Na Hiske namsimulia mpaka ndoto zangu."

Miaka ishirini na mbili, na ninaona kwa swali lako kwamba hakusema. Nani anatunza neno hivyo siku hizi?

Wako,
Renske


Zutphen, 1 Juni 2018

Mama Hiske,

Wiki tatu zimepita bila jibu. Kama nimekuudhi kwa maneno yangu, nisamehe. Kama u mgonjwa, niandikie neno moja tu, nitakuja.

Baba hali yake si nzuri. Zamani saa nne asubuhi, saa ya kahawa, ndiyo ilikuwa saa yake bora. Sasa haji mezani. Wahudumu wanamwita, mimi namwita, anatazama ukuta. Jana nilimwambia, "Baba, ni mimi, Renske." Akanijibu kwa upole kabisa, "Hongera, bibie." Amekuwa anakula kitandani, na kidogo. Daktari anasema tusitegemee kiangazi kizima.

Sikulazimishi. Naandika tu ujue saa inavyokwenda.

Renske


Bolsward, 10 Juni 2018

Mwanangu Renske,

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika barua hii, na nimechana nne.

Kiangazi chake cha mwisho Douwe alilala chini na mimi juu, kwa sababu ya ngazi. Asubuhi nikiwa bado kitandani nilikuwa nasikia sauti ya mwanamke chini ya sakafu. Hakukuwa na ala yoyote, ni mwanamke na maji. Maneno sikuyapata, isipokuwa ya mwisho, ambayo kila mara aliyasema kwa nguvu: "Njoo ukae na mimi, kahawa inapoa."

Karibu kila asubuhi. Nikishuka na trei, namkuta peke yake na mashine imezimwa. Siku moja nikamwuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?" Akasema, "Na nani tena? Nina nani zaidi yako?" Na akaona haya, Renske. Mtu wa miaka sabini na tano akawa mwekundu mpaka masikioni. Sasa naelewa kwamba ilikuwa haya ya mtu anayeshika neno alilopewa. Wakati ule nilielewa kitu kingine.

Sikumwuliza tena. Nilimwosha, nilimlisha, nilimsomea gazeti, na sikumwuliza. Baada ya mazishi nilitafuta namba kwenye simu yake. Nikafikiri ni mjane fulani, mteja, mwenye sauti nzuri. Nilimchukia kwa sababu ya sauti yenyewe. Ilikuwa nzuri kweli, hata kupitia mbao.

Mwezi Machi nikaingia chumba cha nyuma. Kwenye meza yake kulikuwa na sidii kumi na moja zisizo na makasha. Sikusoma hata moja. Nilizitoboa? Hapana, tundu zinalo. Nilizipitisha uzi nikazitundika kwenye mti wa cheri. Jirani yangu Sietse akanitazama juu ya ua. "Hiske, mti haujachanua bado, unamfukuza nani?" Nikamwambia, "Kwezi." Akasema, "Kwezi wako Afrika, mama, wacha warudi kwanza." Nilijifanya sisikii.

Kwa hiyo nilipokuandikia mwezi Mei kwamba nitatafuta, tayari nilikuwa na wasiwasi iko wapi. Na ulipoandika maneno yale ya mama yako mwenyewe, nilikaa jikoni mpaka viazi vikaungua. Karibu mwaka mzima nimemwonea wivu marehemu anayemenya uduvi.

Nilitoka na ngazi. Sietse akanishikilia. Yako ilikuwa tawi la juu upande wa barabara, miezi mitatu ya mvua na upepo, mavi ya ndege, na uzi umeisugua kutoka tunduni mpaka ukingoni, mstari mweupe unaouona kwa jicho. Nilimwambia Sietse nimeiua. Alitaka kunifariji, akasema, "Si utaisikiliza kwa intaneti?" Masikini, ana nia njema.

Niliiosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Kisha nikakumbuka kitu. Kila Jumamosi Douwe alikuwa akifuta sidii zilizorudishwa, na watoto wa wateja wakitaka kusaidia aliwaambia, "Usizungushe! Unakata keki. Kutoka katikati kwenda nje, kutoka katikati kwenda nje." Mashine, alisema, inasoma kwa kuzunguka. Mkwaruzo unaozunguka unakula wimbo, lakini mkwaruzo unaokatiza kama kisu cha keki mashine inauruka kama mtoto anavyoruka mfereji. Nikatazama mstari wa uzi. Ulikata keki. Na alisema pia kwamba sidii huanza ndani na kumalizika nje, kinyume cha santuri za zamani, kwa hiyo kilicho kabla ya wimbo wa kwanza kimekaa karibu kabisa na tundu, mahali palipotulia.

Niliifuta alivyofundisha. Nikaiweka kwenye mashine yake, ile kubwa ya dukani. Wimbo wako wa kwanza ukaanza. Nikashikilia kitufe. Namba zikarudi mpaka sifuri, na sikuachia, zikaendelea upande wa pili, na alama ya kutoa mbele yake. Kutoa moja. Kutoa mbili. Kutoa tatu na kumi na mbili. Hapo nikaachia.

Maji. Maganda. Halafu yeye.

Inaruka mara moja, kwenye neno moja la ubeti wa pili. Kwingine kote yuko mzima. Nilikaa kwenye kitanda cha Douwe nikausikiliza mpaka mwisho, na namba zinarudi kuelekea sifuri, nikamsikia akimwita mumewe, jina lake sasa nalisikia wazi. Nikaurudisha tena. Nikaurudisha mara sita. Nilielewa kwa nini mtu ambaye muda wake umebaki kidogo angechagua asubuhi zake zianze hivyo. Sauti ile haimdai mtu kitu, ila aje akae.

Mwanangu, sitaiweka posta tena. Na mashine za siku hizi sijui kama zinarudi nyuma ya mwanzo, kwa hiyo nitaleta na mashine. Jumanne ijayo nitapanda basi la asubuhi kwenda Franeker. Saa nne isinipite.

Hiske


Zutphen, 24 Juni 2018

Mama Hiske,

Mapokezi waliniambia, "Kaja bibi mwenye toroli la sokoni, kaacha mashine na keki, kasema hiki ni cha familia, kaondoka." Nilikimbia mpaka kituo cha basi. Nikaona basi linakata kona. Kwa nini hukuingia? Lakini nadhani najua, na sitakulazimisha kusema.

Kwanza msamaha wangu. Ni mimi niliyemfunga Douwe mdomo. Sikufikiri kamwe kwamba ahadi ya simu ya dakika mbili ingeweza kupita sakafuni na kumwumiza mtu aliyelala juu. Ningejua, ningemwambia azungumze siku ile ile mama alipozikwa. Nisamehe.

Sasa nikusimulie Jumanne.

Mhudumu alinisaidia kuweka mashine kwenye meza ya kahawa, karibu na dirisha. Wazee wengine watano walikuwa wamekaa. Baba chumbani kwake, mlango wazi, uso ukutani. Kikaratasi chako kilikuwa kimebandikwa kwenye kitufe: "Shikilia. Usiachie kwenye sifuri." Sikuachia.

Mama akaanza. Bibi mmoja wa meza ile akasema, "Huyo anamenya, sikia vidole." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, Jeltje, wewe ulikuwa mvivu wa kumenya." Wote wakacheka.

Ubeti wa kwanza, baba hakusogea. Wa pili, pale panaporuka, aligeuza kichwa, nadhani kwa sababu ya kuruka kwenyewe. Mama akauacha ubeti wa tatu kama kawaida yake, akaingia wa nne. Na chumbani nikasikia sauti ya kukwaruza, "Kauruka tena!" Ilikuwa ya hasira kabisa, Mama Hiske, hasira ya mtu mwenye mke.

Halafu: "Wybren, njoo ukae na mimi, kahawa inapoa."

Akasema, "Naja. Naja, mwanamke, nanawa mikono."

Na kweli alienda kunawa. Tulisikia bomba. Mhudumu alitaka kumkimbilia nikamshika mkono. Alitoka polepole na kigari chake cha kutembelea, mikono inadondosha maji, akaja mpaka mezani, akavuta kiti, akakaa. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa umeshaanza. Hakuujali hata kidogo. Akanitazama, akasema, "Renske, kikombe cha mama yako kiko wapi?"

Alisema Renske.

Nikaweka kikombe. Alikunywa chake, akala vipande viwili vya keki yako. Tangu siku hiyo kila saa nne wahudumu wanawasha mashine. Wameshika vizuri kitufe, bora kuliko mimi. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita bibie. Lakini mezani anakuja kila siku, na kila siku ananawa kwanza.

Fundi wangu wa zamani anasema anaweza kuinakili vizuri, na wimbo wa mama ukawekwa mtandaoni, wa kumi na moja. Nilimwuliza baba. Akasema, "Acha. Atachekwa na mji mzima." Kwa hiyo tutatengeneza nakala mbili tu, moja ya kwangu, moja ya bahasha 1187. Brazili watatusamehe.

Yenyewe ibaki kwa baba, kama utakubali, mpaka atakapomaliza nayo. Kisha itarudi drooni.

Mwanao,
Renske


Bolsward, 2 Julai 2018

Mwanangu,

Nimekubali kabla hujauliza. Nakala usinitumie. Nimeshausikia, na bahasha isikae na kitu kingine mahali pa chenyewe.

Sikuingia kwa sababu nilifika mlangoni nikawaona wazee wale mezani na viti viwili vitupu, nikajua hata kimoja si changu.

Zile sidii kumi nyingine nimezishusha zote. Nimezisoma moja moja sasa, nimeziosha, nimezifuta kutoka katikati kwenda nje, na kila moja ilikuwa na kikaratasi kikiisubiri kwenye droo yake. Nasikiliza moja kwa siku. Asubuhi, chini, na hedifoni zake. Ya jana sikuipenda kabisa, na nilimwambia.

Kwezi wamerudi kutoka waliko. Wamekula cheri zote kwa siku mbili, Sietse anasema hawajaacha hata ya kuonja. Nimemwambia waache wale.

Kikaratasi cha Douwe nimekitoa bahasha 1187 nikakiweka ndani ya Biblia yangu. Mahali pake nimeweka kingine. Niliona taabu kidogo na mwandiko, maana penseli yake imebaki fupi. Nimeandika: "Iko kwa Wybren. H."

Wako,
Hiske